Msimu wa kuvua changu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Muulize mvuvi changu huvuliwa mwezi gani, atakutajia mwezi bila kusita. Muulize wa pili, atataja mwingine kabisa, na huenda wote wawili wanasema kweli. Kosa huanza pale kila mmoja anapotaka mwezi wake uwe wa bahari zote.

"Changu ni changu, na msimu wake ni mmoja"

Familia ya changu, wale waitwao snapper kwa Kiingereza, ni Lutjanidae, nayo ina spishi zaidi ya 100. Wapo wanaokulia kwenye mikoko na kuhamia matumbaweni wakikomaa, na wapo wa kilindini wasioufahamu mwamba wa pwani. Juu ya hao, changu anayesakwa sana Australia na Nyuzilandi, Chrysophrys auratus, si wa familia hiyo. Ni wa Sparidae. Kwa hiyo anayeambiwa "changu huvuliwa Novemba", asiambiwe ni changu yupi na wa maji gani, bado hajaambiwa kitu.

Hata spishi ikiwa moja, mambo hayalingani. Mtazame huyo Chrysophrys auratus. Kwenye Ghuba ya Port Phillip, jimbo la Victoria, samaki wakubwa huanza kuingia kabla ya majira ya joto na hutaga zaidi kati ya Novemba na Januari. Panda kaskazini hadi pwani ya Queensland, au nenda Shark Bay upande wa magharibi, umkute samaki yuleyule anataga katikati ya baridi, Juni na Julai. Chanzo ni joto la maji. Samaki huyu hutaga vizuri maji yakiwa na nyuzijoto 18 hadi 21 hivi. Kusini maji ya namna hiyo hupatikana majira ya joto. Kaskazini hupatikana majira ya baridi, kwa kuwa miezi mingine yamepata moto kupita kiasi. Nchi moja, samaki mmoja, na misimu imepishana nusu mwaka! Kwangu mfano huu unatosha kumfanya mtu aache kunakili kalenda ya wavuvi wa bahari nyingine.

"Jua likiwaka, samaki wamefika"

Hili ni nusu kweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayowapotezea watu chambo. Hewa hupata joto upesi, bahari huchelewa. Mara nyingi maji ya juu hufikia kilele cha joto mwezi mmoja au miwili baada ya siku iliyo ndefu kuliko zote mwakani. Matokeo yake, wiki za mwanzo za majira ya joto mvuvi anatokwa jasho huku samaki bado yuko kwenye maji ya baridi. Kisha majira yanapoisha, wengi wanapokunja mishipi, maji yangali na uvuguvugu na changu anakula kwa pupa kabla baridi haijaingia. Kwenye Ghuba ya Hauraki huko Nyuzilandi, miezi ya Machi hadi Mei huwa ya neema kwa sababu hiyo, ingawa watalii wameshaondoka ufukweni.

Kipimajoto kidogo cha kuteremsha majini kitakufaa kuliko kalenda ya ukutani.

"Baridi ikiingia, changu hutoweka"

Hatoweki. Joto la mwili wake hufuata joto la maji, hivyo maji yakipoa mmeng'enyo hupungua kasi, naye hula kidogo na hataki kukimbiza chambo. Baadhi huteremka kwenye maji ya kina zaidi ambako joto halibadilikibadiliki. Baadhi hubaki hapohapo kwenye miamba. Punguza ukubwa wa ndoana na chambo, tumia mshipi mwembamba, mpe muda.

Kwa changu wa kilindini, kama wa jenasi za Etelis na Pristipomoides wanaoishi kwenye kina cha mamia ya mita, majira ya huku juu hayawafikii sana. Huko Hawaii samaki saba wa kilindini husimamiwa kwa pamoja, na sita kati yao ni changu. Mara nyingi kinachoamua lini watavuliwa ni upepo na mawimbi, yaani kama chombo kinaweza kutoka na kurudi salama. Ndivyo ilivyo pia popote penye pepo za msimu: samaki "wakiadimika" wakati wa upepo mkali, huenda vyombo ndivyo vilivyoadimika baharini.

"Tarehe ya kufunguliwa msimu ndiyo siku samaki wanapoanza kula"

Kwenye Ghuba ya Meksiko, msimu wa kumvua kwa burudani changu mwekundu, Lutjanus campechanus, katika maji ya serikali kuu ya Marekani kwa miaka mingi ulikuwa ukifunguliwa Juni 1. Watu wakahitimisha kwamba Juni ndio mwezi wake. Samaki huyo yuko kwenye miamba na nguzo za visima vya mafuta mwaka mzima. Tarehe ni ya wasimamizi, na urefu wa msimu hutegemea kiasi kilichoruhusiwa kuvuliwa. Mwaka 2014 msimu ulikuwa wa siku 9. Mwaka 2017 wavuvi wenye vyombo binafsi walitangaziwa siku 3 tu, kisha wakaongezewa 39. Hakuna samaki anayebadili tabia kwa kasi hiyo.

"Mwezi mpevu huharibu uvuvi"

Kwa samaki wengine labda. Kwa changu wengi wa matumbaweni, siku zinazozunguka mwezi mpevu ndizo wanazokusanyika kutaga. Lutjanus bohar wa Palau ni mmoja wao.

"Basi wakati wa kutaga ndio wakati bora"

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Kuvua huwa rahisi, hilo halina ubishi. Kabla ya kutaga changu hula sana, na spishi nyingi hutaga kwa mafungu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo huendelea kutafuta chakula katikati. Tena hukusanyika mahali palepale kila mwaka. Gladden Spit, nchini Belize, changu aina ya Lutjanus cyanopterus hujikusanya kwa maelfu siku zinazofuata mwezi mpevu, na papa potwe huja kula mayai yao. Mvuvi akipajua mahali kama hapo hahitaji ustadi.

Ubaya wake ni kwamba ndoana hudanganya. Samaki waliobaki katika eneo kubwa wakijikusanya sehemu moja, kila mshipi unapanda na kitu, na mvuvi anaapa kwamba bahari imejaa, kumbe anavuna wale wa mwisho. Riley's Hump, karibu na Dry Tortugas huko Florida, ilivuliwa sana kwa ajili ya makundi ya Lutjanus analis yanayotaga kuanzia Mei. Ilifungwa mwaka 2001, na makundi yakaanza kuonekana tena. Belize ilikuwa imeshaifanya Gladden Spit hifadhi mwaka 2000. Australia Kusini ilikwenda mbali zaidi: kuanzia Novemba 2019 ilipiga marufuku kuvua changu katika sehemu kubwa ya maji yake, mwaka mzima.

Pia changu hazeeki haraka. Yule mwekundu wa Meksiko huweza kupita miaka 50, na wa Nyuzilandi hufika 60. Jike kubwa hutaga mayai mengi kuliko majike madogo mengi yakiwekwa pamoja, na katika msimu wa kutaga wakubwa hao ndio wanaojileta. Anayetaka nyama nzuri pia hapati faida, maana samaki aliyetoka kutaga huwa amekonda. Kwa maoni yangu msimu bora ni wiki za kabla ya makundi kukusanyika, na zile za mwishoni ambapo anarudisha mwili.

"Nikimrudisha majini, hakuna hasara"

Inategemea kina na majira. Changu akipandishwa haraka kutoka chini, kibofu chake cha hewa hutanuka hadi tumbo likatokea mdomoni, naye akiachiwa huelea juu akingoja ndege na papa. Maji ya juu yakiwa ya moto, uwezekano wa kufa huongezeka, kwa hiyo miezi ile ile inayosifiwa ndiyo inayoua wengi kati ya wanaoachiwa. Kuanzia Januari 2022, sheria ilimtaka anayevua samaki wa miambani katika maji ya serikali kuu ya Marekani kwenye Ghuba ya Meksiko awe na kifaa cha kutoa hewa au cha kumteremsha samaki. Hicho cha pili ni kibanio chenye uzito: unambana samaki mdomoni, unamshusha hadi msukumo wa maji uibane tena ile hewa, kisha kinamwachia hukohuko chini.