Malazi karibu na uwanja wa ndege wa Manda: anza na maji

Wageni wengi wanaonipigia simu kutafuta malazi Lamu huanza na ombi moja: nitafutie mahali karibu na uwanja wa ndege. Ni ombi la haki. Mtu anatoka Nairobi na watoto, au amebakiwa na siku moja tu ya kazi, na hataki kuhangaika na mizigo. Lakini uwanja wa ndege wa Lamu hauko kisiwani Lamu. Uko Manda, ng'ambo ya mkondo, na kutoka jengo la abiria mpaka kitanda chochote mjini ni lazima upande boti. Kwa hiyo mimi, ninayetafutia watu nyumba huku, naangalia bahari kwanza. Kilomita baadaye.

Ukiingia kwenye tovuti za malazi ukaziamuru zipange kwa umbali, zitakupimia mstari ulionyooka kutoka kwenye uwanja. Mstari huo unapita juu ya maji na mikoko bila kujali boti itafunga wapi. Nyumba iliyo nyuma kabisa ya mji, juu kilimani, itaonekana jirani na uwanja kuliko nyumba ya Shela, kijiji kilicho kusini mwa mji, iliyo ukingoni mwa maji, ilhali anayekwenda kilimani atashuka gatini na kutembea vichochoro vya kupanda, mzigo ukiwa mgongoni mwa punda au kwenye mkokoteni. Wa Shela akijaliwa anashuka karibu na mlango.

Manda yenyewe ina malazi, ila ni machache na ya bei ya juu, mengi yakiwa upande wa Ras Kitau unaotazamana na Shela. Ni mahali pazuri kwa anayetaka ufuo na utulivu. Ajue tu kwamba akitaka kununua dawa, kula chakula cha mjini au kuswali Ijumaa na watu, atavuka maji kila safari. Manda haijawahi kuwa na maji matamu ya kutosha. Magofu ya Takwa yako kisiwani humo, mji uliohamwa katika karne ya 17, na uhaba wa maji ya kunywa hutajwa miongoni mwa sababu. Ukikodi nyumba Manda, uliza maji ya kuoga yanatoka wapi na kama ni ya chumvi. Wenye nyumba waaminifu hawakasirikii swali hilo.

Kwa mgeni wa kawaida basi, uchaguzi ni kati ya mji wa Lamu na Shela. Mji ndio ulio mkabala na gati la uwanja, na boti huvuka kwa takriban dakika kumi. Ukilala Mkomani, upande wa kaskazini wenye majumba ya kale ya mawe, au Langoni kusini mwake, uko karibu na soko, ngome ya mwaka 1821, benki na maduka. Shela iko kilomita 3 hivi kusini, na boti kutoka Manda huchukua muda zaidi kidogo. Ufuo uko Shela, mjini hakuna ufuo wa kuogelea. Anayekuja kwa shughuli za mjini namweka mjini, anayekuja kupumzika namweka Shela. Wanaotaka yote mawili hulala mjini usiku wa kwanza na wa mwisho, na siku za katikati wakahamia Shela. Mpango huo naupenda.

Sasa maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Wavuvi hawahitaji simu kujua haya, wanatazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, na tofauti ni ndogo. Jambo ambalo tovuti haitakwambia ni kwamba katika mwambao wetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Mgeni wa ndege ya asubuhi anaweza kufika wakati huohuo.

Hapo ndipo neno "mbele ya bahari" linapohitaji maelezo. Nyumba inaweza kuwa na ngazi zake zinazoshuka majini, na pichani boti imefungwa mlangoni. Picha ilipigwa maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, ngazi zile zinaishia kwenye tope na mawe, boti inasimama mbali, na mgeni anavua viatu. Ngazi za chini, zile zinazofunikwa kila siku, huota ukijani unaoteleza vibaya. Ninapomleta mgeni siku ya bamvua humwambia nahodha atushushe kwenye gati kubwa hata kama nyumba iko mbele zaidi, kisha twende kwa miguu. Ni afadhali kutembea dakika kumi kuliko mzee kuteguka mguu kabla hajafungua begi. Kwa hiyo kabla ya kulipia nyumba ya ufukweni uliza swali hili kwa maneno haya: maji yakipwa, boti inafika wapi?

Ufukwe wa kutoka mji hadi Shela nao unategemea maji. Kwa miguu ni kama dakika 45, na ni matembezi mazuri maji yakiwa chini. Yakijaa sana yanalamba baadhi ya sehemu na utalazimika kupita ndani. Usipange kurudi kwa miguu usiku kama hujui maji yatakuwa wapi. Panda boti.

Jambo la pili ambalo watu hawaulizi ni ngazi za ndani. Nyumba za Lamu zimepanda juu kwa sababu uwanja wa kujengea ni mdogo na upepo uko juu. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, chumba cha chini hukaa na ubaridi, na kule juu kabisa chini ya makuti ndiko wageni wanakotamani kulala. Ngazi za kufika huko ni nyembamba, kila kipandio kirefu, na mara nyingi hazina pa kushikilia. Mama mmoja wa Mombasa alinipigia akitaka chumba cha juu chenye upepo.

"Nani atakuja nawe, mama?" nikamuuliza.

"Nakuja na mama yangu. Magoti yanamsumbua."

"Basi bibi alale chini, upande wa kiwanda, ule ua wa ndani. Nyinyi vijana mpande juu."

"Chini hakuna joto?"

"Kuta zile ni nene, mama. Saa nane mchana atawaiteni nyinyi mshuke."

Nikampigia simu mwenye nyumba nikiwa bado naye kwenye laini nyingine, akakubali kuhamishia kitanda chumba cha chini, pamoja na chandarua na feni. Chandarua, nisisitize, kiwepo hata kama chumba kina kiyoyozi, kwa sababu umeme ukikatika kiyoyozi hakikulindi na mbu. Aliye na mgonjwa wa kwenda hospitali ya King Fahd namtafutia upande wa kusini mwa mji, asivuke mji mzima kila asubuhi. Magari hapa ni machache mno, na vichochoro vingi havipitiki kwa chochote kipana kuliko punda mwenye shehena.

Kuna wageni ambao nawashauri wasilale kisiwani kabisa. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa mwezi Mei 2021 upande wa bara, wanakuja wahandisi, madereva, watu wa forodha. Wengine wana shughuli kwenye ofisi za kaunti zilizoko Mokowe, upande huohuo wa bara. Hawa wakilala mjini Lamu watavuka bahari asubuhi na jioni, na jioni ikiwachelewesha watatafuta boti gizani. Malazi ya Mokowe ni ya kawaida, vyumba vya self vyenye feni, hayana ghorofa ya juu ya kupunga upepo wala mandhari. Yanafaa kwa kazi. Kutoka uwanjani unakwenda huko kwa boti vilevile, kwa hiyo mwambie nahodha mapema kwamba unakwenda Mokowe, asikupeleke mjini pamoja na wengine.

Bei hufuata kalenda mbili, ya pepo na ya Kiislamu. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, Shela hujaa, hasa mwisho wa mwaka. Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, baadhi ya hoteli hufunga na nyumba nyingi hushusha bei. Kusi ikishika kasi, mlango wa bahari karibu na Shela unachafuka na boti ndogo zinarusha maji, kwa hiyo funika mizigo. Kalenda ya pili ni ya Kiislamu. Maulidi ya Lamu, mfungo sita, huleta watu kutoka mwambao mzima, na mjini karibu na msikiti wa Riyadha hutapata chumba usipokuwa na jamaa au usipoweka mapema. Tarehe hizo husogea nyuma karibu siku 11 kila mwaka wa kawaida, basi usitegemee za mwaka jana.

Kuhusu malipo, nina msimamo mkali. Mtu akikutumia picha za nyumba na namba ya M-Pesa akataka pesa zote kwanza, mwombe akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, aanze mlangoni apande hadi juu. Anayeikodisha kweli atafanya hivyo bila shida. Kisha lipa amana, si zote. Ukiteremka uwanjani bila nyumba, vijana wa gatini watakupokea na kukupeleka kwa wanaowajua. Wengi ni watu wema na wanaujua mji, ila kamisheni yao imo ndani ya bei utakayotajiwa. Nyumba ileile ukiiweka mwenyewe utaweza kujadiliana.

Siku ya kurudi, usiache boti iwe jambo la asubuhi. Ratiba za ndege za abiria hapa ni za mchana, kwa hiyo huhitaji kulala macho. Agana na nahodha jioni, chukua namba yake, mwambie saa ya ndege na idadi ya mabegi. Panga kufika uwanjani saa moja kabla. Ukitoka Shela ongeza nusu saa, na siku ya bamvua au ya upepo mkali ongeza nyingine. Pima begi ukiwa bado nyumbani, kwani safari nyingi za ndege ndogo za uwanja wa Wilson, Nairobi, huruhusu kilo 15, na Manda hakuna duka la kununua begi jingine. Na kabla hujaingia kwenye boti, hakikisha maboya ya kuvaa yapo, ya watoto pia, na yavaliwe.