Vizuia-ukaguzi vya seli na tibamionzi: maana yake

Mionzi mara nyingi haiiui seli ya saratani palepale. Huijeruhi. Kinachoiua ni hatua inayofuata, pale seli inapojigawa huku majeraha yake hayajapona. Ukilishika hilo, utaelewa vizuia-ukaguzi, yaani dawa zinazoinyima seli nafasi ya kusimama na kujitengeneza kabla ya kujigawa.

Kipimo cha kawaida cha siku moja ni grei 2 (grei ni kizio cha kupimia mionzi). Kiasi hicho huiachia kila seli mikato kama 70 hadi 80 inayopita nyuzi zote mbili za DNA, pamoja na mikato ya uzi mmoja inayofikia kama 2,000. Ile ya uzi mmoja hurekebishwa upesi. Hatari ni ile ya nyuzi mbili, na kuiunga kunahitaji saa kadhaa. Kwa hiyo seli husimamisha safari.

Fikiria mtumbwi uliopasuka ubao kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Haurudi majini hivyohivyo. Huvutwa ufukweni ukatiwa kalafati, fundi akisindilia pamba kwenye maungio kwa patasi na nyundo mpaka maji yasipite. Seli nayo ina mahali pa kusimama, napo huitwa vituo vya ukaguzi. Cha kwanza kiko katika hatua iitwayo G1, kabla DNA haijaanza kunakiliwa, na msimamizi wake mkuu ni protini p53. Cha pili kiko katika hatua ya G2, mlangoni mwa kujigawa. Hapo protini ATR huhisi jeraha na kuiamsha protini nyingine, CHK1. CHK1 huzuia kufuli la kujigawa lisifunguliwe. Protini WEE1 ndiyo inayolifunga, kwa kubandika fosfeti juu ya CDK1, injini ya kujigawa. Injini ikifungwa, seli hupata muda wa kuziba nyufa.

Sasa, karibu nusu ya saratani za binadamu zina p53 iliyoharibika. Katika saratani ya mlango wa kizazi, protini E6 ya kirusi cha HPV ndiyo inayoiangamiza. Seli ya namna hiyo imepoteza kituo cha kwanza na imebaki ikitegemea cha pili. Seli ya jirani yenye afya bado ina vyote viwili. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya tiba: mpe mgonjwa dawa inayozima WEE1, CHK1 au ATR, kisha mpige mionzi. Seli ya saratani itasukumwa majini na ubao wake wazi, itajigawa na DNA iliyokatika vipande, nayo itakufa.

Jina WEE1 lina asili nzuri. Paul Nurse, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt, aligundua jeni hii kwenye hamira akiwa Edinburgh. Hamira iliyoikosa ilijigawa kabla ya kukua, ikabaki ndogo, na Waskoti husema “wee” kwa maana ya kitu kidogo.

Watu wengi huzichanganya dawa hizi na zile za kinga ya mwili, kama pembrolizumabu, kwa kuwa zote huitwa vizuizi vya vituo vya ukaguzi. Hazihusiani. Zile za kinga huziondolea breki chembe za kinga. Hizi huiondolea breki seli yenye saratani. Wala usizichanganye na palbosiklibu, dawa nyingine ya saratani: hiyo huisimamisha seli kwenye G1, yaani kinyume kabisa.

Ugumu uko wapi? Kwanza ni saa. Dawa lazima iwe ndani ya seli wakati seli imesimama G2, katika saa zinazofuata mionzi; ikichelewa, nyufa zimeshazibwa. Pili ni seli zenye afya zinazojigawa kwa kasi, za uboho na utumbo: chembe nyeupe hushuka, mgonjwa huharisha na kuchoka. Dawa moja ya mwanzo ya CHK1, AZD7762, iliachwa kwa sababu ya madhara ya moyo. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, lililochapishwa mwaka 2019, wagonjwa 34 wa saratani ya kongosho walipewa adavosetibu, inayozima WEE1, pamoja na jemsitabini, dawa ya kemotherapia, na mionzi. Muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 21.7. Inatia moyo, lakini hakukuwa na kundi la kulinganishia.

Kafeini nayo huondoa kizuizi cha G2 maabarani, jambo lililojulikana zamani. Asiseme mtu kwamba kahawa ya Kalinzi itasaidia mionzi: kiwango kinachotumika kwenye sahani za maabara, kikiwa ndani ya damu, kingemuua mtu.

Dawa hizi bado hazijawa tiba ya kawaida pamoja na mionzi. Mama anayetoka Kigoma kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, kwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hupewa sisplatini, dawa ya kemotherapia, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili, mara moja kwa wiki, huku akipigwa mionzi siku tano za wiki kwa wiki tano hivi, kisha mionzi ya ndani, yaani inayowekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe. Yote yamalizike ndani ya wiki nane. Seli zilizosalia huongezeka katika siku za mapumziko, kwa hiyo apange nauli na malazi ya muda wote huo kabla hajapanda treni.