Tupa ndogo hazifi kwa kazi

Kijana anayejifunza usonara kwangu hapa Mombasa alinunua seti ya tupa ndogo 12, zile nyembamba kama sindano. Wiki ya pili akaja analalamika: "Fundi, hizi hazili." Nikamwambia apige nione. Alikuwa akienda mbele na nyuma kama anayekata mkate!

Meno ya tupa yameelekea mbele, hukata ukisukuma. Ukirudi huku umekandamiza, unayaua. Sukuma, inua kidogo, rudisha, sukuma tena. Kwa ndani ya pete tumia ya nusu mviringo, na uizungushe mkononi kadiri inavyosonga, la sivyo utachimba bonde. Kwa vile vikucha vinavyoshika kijiwe, chukua ile yenye meno upande mmoja tu, ule usio na meno uelekee kijiweni. Nambari iliyochongwa kwenye tupa ndiyo ukubwa wa meno: 0 inakwangua sana, 4 inalainisha kabla ya msasa. Mimi siku nzima niko na 2.

Fedha ni laini, chenga zake hunasa katikati ya meno kisha zinaanza kukwaruza kazi yako. Kwa hiyo kabla sijaanza napitisha chaki ya shule juu ya tupa. Zikinasa hata hivyo, usichokonoe kwa sindano. Tafuta kipande bapa cha shaba, usukume ukingo wake kufuata mistari ya meno. Baada ya mara chache ukingo wenyewe utachongeka kama kitana na kuingia kila mfereji. Fanya juu ya karatasi, chenga hizo ni mali ya mtu.

Kosa lililowahi kunigharimu ni risasi, ile metali laini ya kijivu. Niliwahi kuletewa pete iliyozibwa kwa lehemu ya mafundi redio, iliyokuwa na risasi. Nikaikwangua kwa tupa yangu nzuri, kisha tupa hiyohiyo nikaipeleka kwenye bangili ya fedha. Nilipoipasha bangili moto ikatoboka vishimo, maana risasi ikipata moto inaila fedha. Bangili nililipa mwenyewe. Tangu hapo tupa ya kukwangulia risasi na bati nimeipaka rangi nyekundu mpini, na inakaa mbali.

Tukirudi kwa kijana: tupa zake zote alizitia kwenye kopo la maziwa, zikisuguana kila anapochomoa moja, na kopo liko kando ya bakuli la asidi. Kwa chumvi ya upepo wetu huu, ukiongeza na mvuke wa asidi, kutu haichelewi. Tukazishonea mfuko wa kitambaa, kila moja na chumba chake, ndani tumepaka chaki. Mafuta hapana, yataifanya tupa iteleze na kushika chenga.

Nyingi zilipona. Ile ya pembetatu ilikuwa imekwisha kabisa, tukaisaga meno yote kwenye jiwe. Sasa ndiyo anayokwangulia kingo za mabamba.