Chevelle SS 454 ya 1970: Soma Karatasi Kabla ya Kutazama Rangi

Matangazo haya yanafanana sana. Chevrolet Chevelle SS (Super Sport, toleo la michezo) 454 ya mwaka 1970, nyekundu, mistari miwili myeusi juu ya boneti, bodi imenyanyuliwa kutoka kwenye chasisi na kusafishwa hadi chuma kitupu, injini imefunguliwa yote, namba za injini na za chasisi zinalingana. Kazi yangu hapa Marekani ni kukagua magari ya zamani kwa niaba ya wanunuzi, na gari hili ndilo ninaloulizwa zaidi na Waswahili wenzangu wanaoyapenda magari ya misuli, yaani magari ya Kimarekani yenye injini kubwa. Jibu langu kwa wote ni moja. Ukarabati wowote mzuri unaweza kununuliwa, hata leo. Kinachopandisha bei ya SS ni uthibitisho kwamba ilitoka kiwandani ikiwa SS.

Mwaka 1970 una uzito wake. Kabla ya hapo General Motors (GM), kampuni mama ya Chevrolet, ilikuwa imejiwekea kikomo cha inchi za ujazo 400 kwa injini za magari yake ya ukubwa wa kati. Kikomo kilipoondolewa, Chevrolet iliingiza injini ya inchi 454, yaani lita 7.4, kwenye Chevelle. Ilikuja kwa namna mbili: LS5 ya nguvu farasi 360, na LS6 ya nguvu farasi 450, yenye mgandamizo wa 11.25 kwa 1 na kabureta ya Holley. Nguvu hizo zilipimwa injini ikiwa haijabebeshwa mzigo wa vifaa vyake vyote, kwa hiyo usizilinganishe na za magari ya leo. Kufikia 1972, kipimo kilipobadilishwa na mgandamizo ukiwa umeshashushwa, 454 iliandikwa nguvu farasi 270 tu. LS6 ni chache, na uchache huo ndio unaowavutia waghushi.

Sasa njoo kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva. Namba ya chasisi ipo juu ya dashibodi, unaisoma ukiwa nje. Kwa gari la paa gumu itaanza na 13637, kisha 0 ya mwaka 1970, kisha herufi ya kiwanda: B ni Baltimore, K ni Kansas City, F ni Flint. Hiyo 13637 inakwambia ni Chevelle ya daraja la Malibu, ya milango miwili, yenye injini ya V8 (silinda nane). Basi. Haikwambii kama ni SS, wala haikwambii ni V8 gani, kwa sababu mwaka huo SS ilikuwa kifurushi alichoagiza mteja, si modeli yenye namba yake. Ni mwaka 1972 ndipo herufi ya injini ilipoingia ndani ya namba yenyewe, na W ikawa alama ya 454. Kwa hiyo muuzaji akikwambia namba ya chasisi ya gari la 1970 inathibitisha SS, ama hajui anachouza au anajua sana.

Uthibitisho uko kwenye karatasi. Ya kwanza ni karatasi ya uundaji, ambayo wafanyakazi wa kiwandani waliifuata wakati wa kufunga gari. Mara nyingi hupatikana juu ya tangi la mafuta, imeliwa na unyevu na kutu. Ndani yake tafuta Z15, msimbo wa SS 454. Kama gari liliuzwa likiwa jipya nchini Kanada, una bahati, kwani GM ya huko ilihifadhi kumbukumbu na hutoa nakala. Chevrolet zilizouzwa Marekani hazina huduma ya namna hiyo, ndiyo maana kipande kile cha karatasi kilichochakaa kinathaminiwa kuliko magurudumu manne mapya.

Baada ya karatasi, injini. Mbele ya kichwa cha silinda cha upande wa abiria kuna sehemu bapa iliyogongwa namba. Ukiona T0312 na herufi tatu zikifuata, T ni kiwanda cha Tonawanda, New York, na 0312 ni tarehe 12 Machi. Herufi zile tatu ndizo zinazotaja aina ya injini. Pembeni yake iwepo sehemu ya namba ya chasisi ya gari hilohilo. Kisha leta tochi na uinamie karibu. Mashine ya kiwandani iliacha mistari myembamba iliyonyooka kwenye sehemu ile. Ikiwa laini kama kioo, kuna mtu aliisaga, na huenda namba ziligongwa upya. Tazama pia tarehe ya kusubiwa kwa bloku: injini haiwezi kuzaliwa baada ya bodi ambamo iliwekwa. Wiki ya bodi imo kwenye kibati kilichopo kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, pamoja na rangi ya asili. Kwenye kibati hicho 75 ni Cranberry Red. Kama gari ni jekundu na kibati kinasema 19, lilizaliwa jeusi.

Rangi yenyewe sitaisemea mengi. Pitisha sumaku kwenye bodi kuzunguka matairi ya nyuma na pembeni mwa kioo cha nyuma. Isiposhika, hapo kuna puti. Kioo cha nyuma ni ugonjwa wa magari haya: maji huingia chini ya fremu yake na kuozesha sakafu ya buti, hasa gari likiwa na paa la vinaili. Gari lililoishi Michigan au Ohio, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi, likague chini yake kwa muda mrefu kuliko lililoishi Arizona.

Beji za SS, dashibodi ya geji za mviringo, hata difu ya bolti 12, vyote hununuliwa. Malibu iliyogeuzwa SS kwa mikono ya fundi mzuri ni gari tamu, na ningeliendesha kwa furaha, mradi liuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Kabla hujalipa nauli kwenda kulitazama, omba picha nne zisizo na kivuli: namba ya dashibodi, kibati cha ukutani, sehemu bapa ya injini, na karatasi ya uundaji. Muuzaji mwenye vitu hivyo atakutumia siku hiyohiyo. Asipokuwa na karatasi, lipa bei ya Malibu iliyokarabatiwa vizuri, hata kama injini inanguruma vipi.