Fimbo ya ndege wa shaba ya Benin: hii kitu ilikuwa ya kupigwa

Watu wengi wakikutana na kazi za shaba za Benin makumbusho wanakimbilia vile vichwa vya wafalme, ila mimi kwenye kazi yangu ya historia ya sanaa kinachonishika kabisa ni fimbo fupi yenye ndege juu, kakunjua mabawa, mdomo mrefu umepinda. Naongelea ufalme wa Waedo kusini mwa Nigeria, sio ile nchi jirani.

Hii fimbo ilikuwa inapigwa. Chifu anaishika mkono mmoja, mkono wa pili ana kifimbo cha chuma, anamgonga ndege mdomoni, na wenzie nao hivyohivyo kwenye msafara wa sherehe ya Ugie Oro.

Sasa ndege kakosa nini? Wenyewe wanasimulia kwamba mwanzoni mwa karne ya 16 Oba Esigie, yaani mfalme, alikuwa anaenda vitani na Waigala, ndege mtabiri akapita juu analia kwamba hatatoboa, Esigie akaamuru auawe, akaendelea na safari yake na akashinda. Aliporudi akaagiza ndege asubiwe kwa shaba na machifu wawe wanampiga. Hebu fikiria, wewe ni mkubwa na watu wako wanakuona, umepewa fimbo ya heshima, halafu kwa mkono wako mwenyewe unatangaza kwamba mfalme kashinda hata utabiri! Inakupandisha na inakukumbusha bosi ni nani, vyote kwa pigo moja. Kwangu mimi siasa yote ya ile ikulu iko hapo.

Na shaba yenyewe ilikuwa chini ya Oba, huamki tu ukajisubia yako. Mafundi ni wa chama cha Igun Eronmwon, mtaa wao wa Igun upo mpaka leo Benin City, na shaba nyingi ilitokana na bangili walizoleta Wareno kama hela. Fundi anamuumba ndege kwa nta, anamfunika udongo, anachoma mpaka nta itoke yote, anamimina shaba iliyoyeyuka, ikipoa anavunja udongo, kwa hiyo kalibu ndo basi tena na huwezi kupata ndege wawili sawasawa.

Mwaka 1897 jeshi la Uingereza likaivamia Benin, likabeba maelfu ya vitu, na Oba Ovonramwen akapelekwa uhamishoni Calabar. Vitu vimeanza kurudi, Uholanzi peke yake ilirudisha 119 mwaka 2025, na nimefurahi sana. Zile fimbo ambazo bado ziko Ulaya na Marekani, naomba angalau waweke na rekodi ya mlio wake pale pembeni, maana kibao cha maelezo peke yake hakitoshi.