Raundi ya kwanza Wimbledon si mteremko

Kila Juni ikikaribia utasikia mashabiki wa tenisi wakisema mechi za mwanzo Wimbledon ni za kupasha misuli tu: vigogo wamewekewa vibonde, tuonane robo fainali. Droo haifanyi kazi hivyo.

Wachezaji ni 128 kwa wanaume, na idadi hiyohiyo kwa wanawake. Tangu 2001, 32 walio bora kati yao hupewa namba za ubora na kutenganishwa kwenye droo, wasikutane wao kwa wao kabla ya raundi ya tatu. Kinga yenyewe inaishia hapo. Wale 96 waliobaki hupangwa kwa kura, kwa hiyo bingwa mtetezi anaweza kuangukia kwa mtu aliyekosa namba kidogo tu, au kwa kijana aliyetoka kushinda mechi tatu za mchujo kwenye nyasi, miguu imeshazoea.

Rafael Nadal wa Hispania analijua hilo. Juni 2013 alitwaa Roland Garros, michuano mikubwa ya Ufaransa, kwa mara ya nane; wiki mbili baadaye Steve Darcis, wa 135 duniani, akamtoa raundi ya kwanza Wimbledon kwa seti tatu mfululizo, tena kwa mipira ya kukata inayotambaa chini.

Na ile mechi ya John Isner na Nicolas Mahut ya 2010, iliyodumu saa 11 na dakika 5 kwa siku tatu? Raundi ya kwanza pia.