"Kwetu sote tuna miili": ukweli kuhusu unene wa kurithi

Kauli ninayoisikia kuliko zote kliniki hapa Moshi ni hii: "Daktari, kwetu sote tuna miili, ni damu ya ukoo." Akishasema hivyo, mgonjwa hataki tena kupimwa sukari wala presha. Hapo ndipo ninapoumia.

Unene hurithiwa, kweli. Ila wengi wetu tunarithi mwelekeo tu, unaotokana na jeni nyingi (maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi), kila moja ikichangia kidogo. Jeni inayojulikana zaidi ni FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007. Mwenye nakala mbili za aina yake inayonenepesha, moja kwa kila mzazi, huwazidi wasio nazo kwa wastani wa kilo 3 hivi. Tatu! Kilo thelathini za ziada usiitupie FTO. Ukoo hurithishana pia jiko: soda kila mgeni akiingia, kitimoto cha wikiendi, chipsi mayai mtoto akitoka shule.

Na kama kwenu kuna unene na kisukari, wewe ndiye wa kupima mapema. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusu watu waliokaribia kupata kisukari. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90 hizo ni kilo 6 na kidogo. Nami kila siku nasema: anza kwa kuacha soda, halafu teremka bodaboda kabla hujafika.

Kauli nyingine ninazozisikia: "Mwembamba hapati kisukari." Anapata. "Maji ya ndimu huyeyusha kitambi." Hayayeyushi.

"Mtoto huyu mlafi, mchapeni." Hili linanikasirisha. Upo ugonjwa wa Prader-Willi, hitilafu kwenye kromosomu ya 15, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Mtoto huzaliwa mlegevu, kunyonya ni shida. Miaka michache baadaye anakula asishibe, kwa sababu ubongo haupati taarifa ya kushiba. Na huu, ulio wa jeni kabisa, mara nyingi hauko kwenye ukoo. Hutokea upya kwa mtoto mwenyewe. Kiboko hakimshibishi. Ukiona dalili hizo, mlete hospitali, funga kabati la chakula kwa kufuli, na bibi yake na majirani waambiwe wasimpe chochote pembeni.